Mizizi Chini ya Bafu la Mama

Nyumba yetu ya Al Khoud, upande wa Seeb, tuliipenda kwa ajili ya ua wake. Mwenyewe wa kwanza aliizungushia miti ya damas pande tatu, imesimama bega kwa bega, mibichi mwaka mzima, na ukiwa barabarani huoni hata dirisha. Aliyekaa Maskati anajua thamani ya kijani hicho. Mvua ya hapa ni kama milimita 100 kwa mwaka, na iko miaka haifiki hata hapo. Unguja huipata hiyo katika wiki moja ya masika yaliyonoga. Maji ya mfereji yanatoka baharini na kutolewa chumvi mitamboni, na mtambo wa kwanza wa Ghubrah ulianza kazi hiyo mwaka 1976. Kila ndoo inayomwagwa bustanini kuna moto uliowashwa mahali ili ipatikane. Jambo hilo linanikaa moyoni, na ndiyo sababu nilitaka bustani yetu iwe ya mimea isiyo na kiu.

Mama alitaka Unguja. Alizaliwa Malindi ya huko huko Unguja, akaja Oman miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango waliokuwa nje, na mpaka leo akisema "kwetu" sharti umuulize ni kwetu kupi. Alitaka yasmini, mrehani, mlangilangi, na shina la mchaichai karibu na jiko. "Nyumba haina hata ua la kutia kwenye kikuba," alisema, "wanawake wakija kwenye maulidi nitawapa nini? Majani ya damas?" Mume wangu yeye alitaka nyasi, watoto wapate pa kuchezea mpira. Ami yake, mzee wa Ibra aliyekulia Unguja kisha akarudi kwao kuangalia mitende ya baba yake, hakutaka lolote. Alipigiwa simu kupewa habari ya nyumba, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Huo mti wenu, kwao unakunywa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa Novemba, hewa tamu, na Novemba Maskati kila kitu kinaota. Tulikwenda vitaluni njia ya Barka, na muuzaji mmoja akatujazia gari: petunia za rangi zote, mlangilangi uliopandwa ndani ya pipa, mikeka ya nyasi iliyokunjwa, na miche mingine ya damas ya kuzibia mapengo. Kila tulichokishika alisema, "Hiki hakitaki maji." Miche ya damas mume wangu aliipanda siku ile ile. Mama aliupa mlangilangi mahali pa heshima, mbele ya dirisha lake, akawa anautolea salamu asubuhi.

Ikaja Mei.

Petunia zilikufa mwanzo, na hizo sikuzililia. Ni maua ya baridi, yameletwa kwa msimu na msimu ukayachukua. Nyasi zilinishughulisha zaidi. Zilitaka maji alfajiri na magharibi, zisipoyapata zinageuka rangi ya mchanga, na bili ya maji ikaanza kusomwa kwa sauti mezani. Mume wangu alipunguza maji kidogo, nyasi zikakauka pembeni. Akaongeza, zikaota kuvu katikati. Mwisho watoto wenyewe walikataa kuzikanyaga mchana, kwa maana wakati huo joto lilikwishapita nyuzi 40 na mpira ulichezwa sebuleni.

Kisha mrehani. Hapa lazima nieleze habari ya maji ya Maskati wakati wa joto, maana asiyeishi huku hawezi kuamini. Tangi liko juu ya dari, jua linalichemsha kutwa, na mfereji wa maji baridi unatoa maji ya kuungua. Wengi wetu tunazima hita ya bafuni mwezi wa Mei ili maji yapoe humo ndani ya nyumba, basi maji ya kuogea tunayachukua kwenye bomba la moto. Nje ni vibaya zaidi: mpira wa kumwagilia unalala juani umejaa maji, na ukiufungua adhuhuri yanayotoka mwanzo ni ya kupikia chai. Kijana wa Kibangladeshi anayetunza bustani za mtaa mzima alikuwa akija kwetu alfajiri na kuondoka. Mama aliona mrehani wake umelegea baada ya sala ya adhuhuri, akaona umesahauliwa, akaufungulia mpira kwa huruma zake zote. Harufu ilipanda mpaka jikoni. Nilipotoka nilikuta shina zimekuwa nyeusi na laini, majani yanapenyeza nuru, na mama amesimama na mpira mkononi.

"Nimeupika," alisema.

Mrehani ulikuwa umelegea kwa joto tu, si kwa kiu. Mimea mingi hufanya hivyo mchana wa kiangazi: inaangusha majani yake kuyaficha na jua, jioni inayainua tena. Dawa ilikuwa kivuli, na kuuacha mpaka jua litue. Mlangilangi nao ulifuata baada ya wiki za upepo wa bara, ule mkavu unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Ni mti wa visiwani, unataka hewa yenye unyevu na mvua inayorudi. Mama alikaa siku nzima bila kutaja habari yake, na sisi tukaheshimu.

Damas pekee zilistawi. Zilikua mpaka zikapita ukuta, na hatukuzipa hata tone. Mume wangu aliwaonyesha wageni: huu ndio mti, jamani, hautaki maji.

Idd kubwa mwaka ule iliangukia kwenye joto. Ndugu walikuja kutoka Ibra na Nizwa, na ami akasema shuwa itachimbiwa kwetu, si ya kununua. Shuwa ni nyama iliyopakwa bizari, ikafungwa majani ya mgomba, ikatiwa kifukoni na kufukiwa kwenye shimo la makaa. Inakaa humo usiku na mchana mpaka inauachia mfupa yenyewe. Siku ya Arafa mashemeji zangu walianza kuchimba nyuma ya jiko. Pale palikuwa mbali kabisa na ua wa damas, nyumba nzima iko katikati. Hawajafika magotini chepe zikagonga mizizi, mmoja unene wa mkono, mingine imepita chini yake na kuelekea ukutani.

"Mizizi ya nini hii?" mume wangu aliuliza. "Hapa hakuna mti."

Ami aliinama, akakwangua gome kwa ukucha, akanyanyua macho kuutazama ua ng'ambo ya dari. Hakusema kitu. Aliamrisha shimo lihamishwe, na likachimbwa pale ulipokufa mlangilangi, udongo wenyewe laini, hauna mzizi hata mmoja.

Asubuhi ya Idd kila mtu anataka kuoga kabla ya sala, na nyumba ilikuwa na watu kila chumba. Bafu la mama liko chini, ndilo la mwisho kabla ya bomba la maji machafu kutoka nje. Tulimsikia akiita. Maji ya mabafu ya juu, badala ya kwenda kwenye karo, yalikuwa yanarudi kwa kitundu cha sakafuni kwake, yamekwishavuka kizingiti, na msala wake mpya wa Idd ulikuwa unaelea. Wanaume walikwenda kuogea kwa jirani, taulo mabegani. Wanawake tulibaki na ndoo na mafagio katika nguo zetu za Idd, na mama juu ya kitanda, miguu ameikunja, anatuelekeza.

Fundi alipatikana baada ya alasiri. Alifungua mfuniko wa njia ya maji machafu, akaingiza mnyororo, akavuta, akaita msaidizi, wakavuta wawili. Kilichotoka kilikuwa kama shungi la nywele lililosokotwa: mizizi myembamba, ya rangi ya kahawia, imeshikana pamoja kwa umbo la bomba lenyewe, urefu wake kushinda watu wawili waliolala. Wakakilaza juu ya marumaru. Watoto walikuja kutazama. Fundi alisema amekwishatoa vitu hivi nyumba nyingi, na karibu zote zina ua huu huu.

Hapo ndipo ami alipojijibu swali lake. Damas kwao ni Somalia na nchi za jirani, na huota kandokando ya mito ya msimu, ile inayojaa mvua ikinyesha kisha ikakauka juu huku maji yakibaki chini ya mchanga. Mti umezoea kuishi kwa kuyafuata maji hayo. Huvumilia joto, huvumilia chumvi, hukua haraka, na ndiyo maana nchi za Ghuba zimeupanda kila mahali. Lakini haukosi kiu hata kidogo. Unaifuata kiu yake mpaka kwenye bomba. Mzizi hauna pua. Unaota pale penye unyevu, na kiungo cha bomba la zamani kinavuja unyevu mdogo usioonekana. Uzi mmoja ukipenya, ukakuta humo maji na mbolea ya nyumba nzima, unanenepa na kupanua ufa, wenzake wanaufuata. Malalamiko ya namna hii yako Kuwait, yako Iraki, na pengine watu wameing'oa miti hii katika mitaa mizima. Nilimuuliza ami kwa nini hakutuambia tangu siku ya simu. Akasema aliuliza, wala hakujibiwa.

Tuliikata. Sitaki kuipamba habari hiyo, kwa sababu kukata mti katika nchi hii ni jambo zito, na nilisikia msumeno mpaka kwenye meno. Jirani wa kulia alilalamika kwamba sasa tunaona uani kwake. Jua la alasiri, ambalo hatujawahi kuliona, liliingia chumbani kwa mama na kukaa mpaka magharibi, na kiyoyozi chake kikawa hakipumziki. Visiki vilichipua kabla mwezi haujaandama tena, ikabidi vichimbwe. Yule anayekuambia ng'oa mti mbaya upande mzuri hakuambii kwamba kati ya miti hiyo miwili kuna kiangazi kizima bila kivuli. Tuliweka makuti ya mtende upande wa magharibi, tukangoja.

Mume wangu hakuweza kungoja. Alikwenda matembezini wadini, kwenye bonde la mto mkavu, akarudi na mche ndani ya ndoo, amefurahi: mghafu wa bure, mti wa wazee, wenye mizizi inayoshuka mita 30 na zaidi kutafuta maji yake, na ambao Imarati wameufanya mti wao wa taifa. Aliupanda kwenye tundu la kisiki cha damas. Ami alipokuja, kabla hajakunywa kahawa, aliushika tawi na kutuita sote. Miiba ilikuwa mirefu, imekaa miwili miwili pale jani linapoanzia. Mghafu hauna hivyo. Miiba yake ni mifupi, imetawanyika kwenye kijiti baina ya majani. Huo ulikuwa ndugu yake kutoka Amerika, ule ambao Wakenya wanauita mathenge, uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa nao ukageuka msitu wa miiba. Wakazi wa huko waliishitaki serikali mwaka 2006, wakapeleka mpaka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa utamu wa maganda yake. Oman nayo inahangaika nao. Ami aliung'oa mche na mizizi yake yote, akauweka juani juu ya saruji.

Badala yake alitoa mfukoni karatasi iliyojaa mavi ya mbuzi. Mama alirudi nyuma. Zilikuwa mbegu za mghafu, zimepita tumboni mwa mbuzi wake wa Ibra, maana ganda lake ni gumu na tumbo la mnyama hulilainisha, mbegu ikaota upesi. Nilizipokea kwa mikono miwili. Lakini hatukuzipanda uani, na ami mwenyewe alikubali. Mghafu unataka nchi. Mti unaoshuka mita 30 na kujitandaza hauwekwi hatua chache kutoka kwenye karo, hata kama ni wa wazee, hata kama tunaupenda; kwa kiwanja cha mjini haufai. Zimeota Ibra, ukingoni mwa mchanga, pale ambapo hakuna bomba la kupasua.

Mkunazi ndio uliozusha ugomvi. Ami alikuwa ameuleta ndani ya mkebe wa samli, urefu wa goti, akasema uende pembe ya mbali upande wa jua la alasiri, umtie Bi Mkubwa kivuli dirishani.

"Mkunazi?" mama alisema. "Mti wa kukoshea maiti, niuone kila nikiamka?"

"Bi Mkubwa, majani yake huku wanawake wanakoshea nywele."

"Na Unguja wanakoshea maiti."

"Nywele pia watu wazima waliosha Unguja, umesahau."

Alikaa kimya. Jioni nilimsikia akimhadithia mwanangu jinsi walivyokuwa wakiokota kunazi njiani kutoka chuoni, zile zilizokauka na kuwa tamu zaidi kuliko mbichi, na jinsi mwalimu alivyowajua kwa mbegu mifukoni. Kesho yake aliuliza shimo litachimbwa lini. Mkunazi tuliupanda Oktoba, mbali na njia ya maji machafu, tukaujengea bakuli pana la udongo na kumwaga maji mengi kwa mara moja, kisha kuuacha mpaka ukauke. Maji kidogo ya kila siku huweka mizizi juu, kwenye udongo unaochemka. Maji mengi ya mara chache huipeleka chini. Kijana wa bustani ilimchukua muda kuamini, kwa sababu mtaa mzima unamlipa amwagie kila siku.

Nyasi ziliondoka, zikaja changarawe, na juu yake waridi la jangwani na mishubiri. Waridi la jangwani lina shina nene lililojaza maji yake. Majabali ya Dhofar yana mengi, na hata Afrika Mashariki lipo, Wahadzabe hutia utomvu wake kwenye mishale. Kwa hiyo liko mbali na mikono ya watoto. Mshubiri nao hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, ndivyo unavyookoa maji. Lakini unahitaji usiku wenye nafuu, na usiku wetu pengine hauna: tarehe 26 Juni 2018 pale Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha. Mishubiri iliyopandwa juani iligeuka rangi ya matofali. Tuliihamisha nyuma ya ukuta wa mashariki, ikarudi kijani.

Mtende hatukupanda, ingawa wageni hushangaa. Mtende unastahimili jua lolote, lakini mitende ya Ibra inakunywa falaji, ule mfereji wa maji wa kijiji, na Al Khoud falaji yangu mimi ni bili.

Ua ulibaki wazi mpaka mama mwenyewe alipolimaliza tatizo hilo. Alikuwa na rafiki Barka ambaye shamba lake limezungushwa mihina, na akarudi kutoka huko na kifurushi cha vipandikizi vilivyofungwa gunia lililoloweshwa. Mhina ni mti wa nchi kavu, unakatwa upendavyo na kutoa matawi mapya, una miiba kidogo ya kumzuia mbuzi, mizizi yake haina ukali wa damas, na maua yake madogo meupe yananukia jioni. Mama alivipanda mwenyewe amekaa kwenye kiti, kijana wa bustani akichimba mbele yake. Mwaka wa kwanza tulivimwagilia. Sasa ua unafika kifuani, na Idd iliyopita wasichana wa nyumba hii walipakwa hina iliyotwangwa kutoka kwenye ukuta wao wenyewe.

Yasmini anazo pia, na mrehani. Viko kwenye vyungu, kivulini, hatua mbili kutoka mlango wa jiko, na maji yake hayatoki mferejini. Mama aliona kitu ambacho sisi tulikipita kila siku: bomba la kiyoyozi likidondoka ukutani. Maskati kiangazi hewa ya pwani ni nzito, na kiyoyozi kinaikamua. Ndoo inajaa kabla ya magharibi, maji safi yasiyo na chumvi. Ameweka ndoo chini ya kila kiyoyozi na hakuna ruhusa ya kuzigusa. Mume wangu aliwahi kuchukua moja aoshee gari, na habari hiyo ilifika Ibra.

Wiki iliyopita jirani wa kulia alibisha hodi. Nyuma yake kulikuwa na gari la kunyonya karo, na fundi ameshika mnyororo tunaoujua. Alitaka kuuliza mihina tuliitoa wapi. Mama alimkaribisha kahawa, akamwambia vipandikizi vipo, atavikata yeye mwenyewe, bure, kadiri anavyotaka.

"Lakini si leo, mwanangu," alisema. "Leo Julai. Njoo Oktoba. Na ukija, uniletee mchoro wa mabomba yako."